Kinga ya Zamani: Itabeba Mama na Mtoto?

Mama, wengi wenu mnafika kliniki kwa kinga, ndiyo baiskeli, mtoto mgongoni. Je, kadre yake, ile mifupa ya kinga, ni nzima?

Kinga nyingi za Kolwezi ni za chuma. Zingine, zilizotumika kwanza Ulaya, ni za alumini, sawa na sufuria. Weka sumaku ya radio mbovu juu ya kadre: ikishika, ni chuma. Alumini haishiki.

Chuma kikizidiwa, mara nyingi kinapinda kwanza, kinakupa habari. Alumini haina kutu nyekundu, unaiona nzuri tu. Lakini kila shimo la barabara na kila gunia la makala linaichosha, halafu inakatika ghafula. Kwa hiyo usiulize miaka yake tu. Uliza ilibeba nini.

Osha kadre kwa sabuni, ipeleke kwenye jua. Angalia viungo: chini ya usukani, penye pedali, chini ya kiti, na nyuma pale gurudumu linapofungwa. Pitisha ukucha. Mkwaruzo ni wa rangi tu. Ufa mara nyingi unashika ukucha, nao unafuata kando ya kiungo. Bomba lenye mkunjo, likatae pia.

Ukiona ufa, usipande, hata kama siku ya kliniki ni leo. Njoo kwa miguu. Fundi atasema, “Nitaunganisha kwa moto.” Kadre ya chuma, sawa, kama ni fundi wa kweli. Alumini, hapana: moto unalegeza sehemu ya kando, nayo inakatika tena papo hapo. Hiyo muuzie mwenye kuyeyusha sufuria.