Kwa nini orkide za Itombwe hazishuki Uvira

Simameni Uvira mtazame magharibi. Hapa kando ya ziwa tuko kama meta 773 juu ya bahari. Kule juu Itombwe inapita meta 3,000. Ukipanda, baridi, ukungu na mimea vyote vinabadilika.

Orkide ni yale maua ambayo mengi yake hukaa juu ya matawi ya miti. Mbegu zake ni kama vumbi, upepo unazibeba mbali. Lakini hazina akiba ya chakula kama mbegu ya maharagi: bila kuvu wa kuzilisha, hazioti. Mbegu ya mlimani ikiangukia kwenye joto la bonde la Ruzizi, imepotea. Kwa orkide, mlima ni kisiwa.

Miaka kama 20,000 iliyopita baridi ilikuwa kali, na mimea ya milimani ilishuka chini zaidi. Njia kati ya milima yetu na ile ya Burundi, ng'ambo, ikawa fupi. Joto liliporudi, kila mmea ukapanda kwenye mlima wake. Mimea ikitengwa hivyo kwa muda mrefu sana, kidogo kidogo inaweza kuwa aina tofauti. (Vanila nayo ni orkide; tunaichavusha kwa mkono kwa sababu mdudu wake alibaki Mexico.)

Ndiyo maana kukata msitu wa juu kwa makala si sawa na kukata kichaka cha bondeni. Aina ikiisha kule, pengine hakuna mlima mwingine wa kuturudishia mbegu. Ukifungua shamba huko, acha miti mizee, hasa ya kando ya mito: orkide nyingi zinakaa hapo.