Kabla hujampeleka mtoto kwa fundi mwenye mashine ya kukereza

MIEZI ya kusubiri matokeo ya mtihani huwa mirefu kwa kijana na kwa mzazi. Mtoto aliyemaliza darasa la saba au kidato cha nne anaamka hana pa kwenda, simu haimtoki mkononi, na mzazi anaanza kuogopa vijiwe. Ndipo wazo linapokuja: kuna fundi seremala hapo mtaani, ampeleke akapate ujuzi. Ni wazo zuri, na limewainua wengi.

Lakini karakana za siku hizi si za randa, nyundo na msumeno wa mkono tu. Nyingi zina mashine za umeme, na miongoni mwake ipo moja inayomvutia karibu kila mtoto anayeiona: mashine ya kukereza. Kipande cha mbao chenye pembe nne kinafungwa, swichi inawashwa, fundi anagusisha patasi, na baada ya dakika chache kinatoka mguu wa kitanda wa mviringo, laini, wenye mabonde na matuta yaliyopangika. Ndiyo mashine inayotoa kifimbo cha kusukumia chapati, nguzo za ngazi, mchi wa kutwangia vitunguu saumu na pia ya kuchezea.

Haina kelele kama msumeno wa umeme, wala haina meno yanayoonekana. Hapo ndipo inapomdanganya mtu. Mzazi anayejua namna inavyofanya kazi atauliza maswali sahihi kabla ya kumwacha mwanawe mbele yake.

Mbao inazunguka, patasi inatulia

Katika kazi nyingi za useremala mbao hukaa palepale na chombo ndicho hutembea. Hivyo ndivyo zilivyo randa na msumeno. Katika kukereza mambo ni kinyume. Kipande cha mbao hushikwa kati ya ncha mbili, moja ikiwa imeunganishwa na mota kwa mkanda na puli. Mota inakizungusha kwa kasi, na fundi anaegemeza patasi ndefu kwenye chuma kilicho mbele yake, kisha anaisogeza taratibu hadi iguse mbao. Kila inapogusa inapunguza sehemu iliyojitokeza, mpaka pembe zote ziishe na kibaki kitu cha duara.

Kasi yenyewe si ya kubeza. Mizunguko 1,500 kwa dakika ni ya kawaida kwenye mashine hizi, yaani mizunguko 25 kila sekunde. Chukua kipande chembamba chenye unene wa kifimbo cha chapati, kipenyo cha sentimita 4. Kikizunguka kwa kasi hiyo, uzi unaonaswa juu yake unazongwa zaidi ya mita 3 ndani ya sekunde moja. Mkono wa shati una urefu wa chini ya mita moja. Hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini mtu aliyenaswa hapati hata muda wa kupiga kelele, sembuse kuvuta mkono au kuzima swichi.

Upinde ulisubiri, mota haisubiri

Kazi hii ni ya zamani sana. Mchoro ulio kwenye kaburi la Petosiris nchini Misri, wa takriban miaka 300 kabla ya Kristo, unaonyesha watu wawili wakikereza: mmoja anavuta kamba ya kuzungusha, mwingine ameshika chombo cha kukatia. Pwani ya Afrika Mashariki nako kukereza kulijulikana kabla ya umeme kufika. Fundi alizungusha mti kwa upinde wenye kamba, na miguu ya vitanda vya zamani vya Lamu na Zanzibar ni ushahidi wa ustadi huo.

Kwa upinde, mbao ilizunguka mbele na nyuma kwa nguvu ya mkono. Mkono ukisimama, mbao nayo inasimama. Nguo ikinaswa, fundi anahisi uzito na kuacha. Katika hali hiyo mtoto aliweza kuketi karibu na babu yake, akitazama na kusaidia, na akajifunza kwa miaka.

Mota haihisi chochote. Itaendelea kuzunguka iwe imeshika mninga au imeshika mkono wa mtu. Kwa hiyo ule utaratibu wa kale wa kumwambia kijana "kaa hapo utazame, ukizoea utashika" hautoshi tena. Kwenye mashine ya umeme, mafundisho ya usalama lazima yatangulie mazoea.

Upendo wa mzazi unapogeuka hatari

Mzazi mwema anapompeleka mtoto kazini humwandalia mavazi. Wengi hununua glavu, wakiamini zitamkinga mikono. Kwa kubeba mbao zenye vibanzi, glavu ni sawa. Mbele ya mashine ya kukereza ni hatari. Kidole kitupu kikiguswa na mbao kinaweza kuchubuka, lakini glavu ikishikwa inavutwa yote na mkono ukiwa ndani yake. Fundi aliyefunzwa vizuri atamwambia kijana azivue.

Ndivyo ilivyo pia kwa shati la mikono mirefu lisilo na vifungo, koti kubwa la kurithi kutoka kwa kaka, tai, kamba ya kitambulisho shingoni, bangili, pete, cheni na waya wa spika za masikioni. Kijana avae nguo inayombana kiasi, yenye mikono mifupi au iliyokunjwa vizuri juu ya kiwiko, na viatu vilivyofunika vidole badala ya kandambili.

Kwa binti, nywele ndefu au rasta zifungwe nyuma na kuingizwa ndani ya kofia. Anayevaa hijabu haitaji kuivua. Avae ile inayobana kichwa na shingo, na ncha zake ziingie ndani ya nguo, kisiwepo kitu kinachoning'inia. Kanga ya kiunoni ibaki nyumbani.

Haya si mambo ya wasiosoma. Aprili 2011, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, aliyekuwa amebakiza wiki chache kuhitimu, alifariki dunia baada ya nywele zake kunaswa na mashine ya kukereza vyuma katika karakana ya chuo. Ilikuwa usiku, naye alikuwa peke yake. Akili nyingi darasani hazikumsaidia, na hapakuwa na mtu wa pili wa kuizima mashine.

Uso, macho na kasi

Hatari ya pili ni mbao yenyewe kuruka. Kipande chenye ufa, fundo kubwa, msumari uliosahaulika au gundi isiyokauka kinaweza kupasuka kikiwa kwenye kasi. Bakuli la mbao lenye kipenyo cha sentimita 30, likizunguka mara 1,500 kwa dakika, ukingo wake unakwenda karibu kilomita 85 kwa saa. Kipande kinachochomoka hapo kinaruka kwa mwendo wa basi la mkoani.

Ndiyo maana kitu kikubwa hukerezwa polepole. Wakerezaji wengi hutumia kanuni rahisi: zidisha kipenyo kwa inchi na idadi ya mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Mguu wa kitanda wa inchi 3 unaruhusu mizunguko 2,000 hadi 3,000. Bakuli la inchi 10 linataka 600 hadi 900 tu. Mashine nyingi zinazoundwa mitaani kwa mota ya kawaida na puli moja hazina namna ya kupunguza kasi. Zinafaa kwa miguu ya stuli na vifimbo, lakini mwanafunzi asiwekewe gogo kubwa juu yake.

Miwani ya kawaida hulinda macho tu. Kinga inayofaa ni ile ya plastiki ngumu inayofunika uso mzima. Mzazi mwenye fedha ya kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya mwanawe, anunue hiyo badala ya glavu. Kisha amwambie kijana asisimame usawa wa mbao mashine inapowashwa. Asimame pembeni kwanza, aone kama inazunguka bila kutetemeka.

Vumbi linalorudi nyumbani

Hatari ya tatu haileti damu, kwa hiyo husahaulika. Patasi yenye makali hutoa maranda marefu, lakini kazi ya mwisho hufanywa kwa msasa huku mbao ikizunguka, na hapo hutoka vumbi jembamba linaloelea hewani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1995, hasa saratani ya ndani ya pua. Vumbi la mvule, mtiki na mninga linajulikana pia kuwasha ngozi na macho na kuamsha pumu kwa baadhi ya watu.

Saratani hiyo haiji kwa likizo moja ya kazi. Inahusu miaka mingi ya kuvuta vumbi, na miaka hiyo huanza na mazoea ya siku za mwanzo. Kijana avae barakoa inayobana puani, afanyie kazi penye hewa inayopita, na jioni akung'ute nguo nje kabla hajaingia ndani. Asimbebe mdogo wake akiwa bado na vumbi mwilini. Mtoto mwenye pumu aonwe na daktari kabla ya kuanza kazi hii.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Aliyefikisha 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Mwenye umri wa chini ya miaka 18 hapaswi kuwekwa kwenye kazi yenye hatari, hata kama mahali hapo ni pa sekta isiyo rasmi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kazi hatarishi kwa mtoto.

Mlango uliopo ni wa mafunzo, kwa sharti kwamba afya na usalama wa kijana vinalindwa kikamilifu na amepewa maelekezo ya kutosha. Kwa maneno mengine, mtoto wa miaka 13 aliyemaliza darasa la saba anaweza kujifunza kupima, kupiga msasa kwa mkono na kutambua aina za mbao. Mashine imsubiri akue.

Maswali ya kumuuliza fundi

Mzazi asione haya kufika karakana na kuuliza kwa heshima. Fundi mzuri hataudhika. Atafurahi kuona mtoto ana mwenyewe.

Fundi, swichi iko wapi? Iwe mahali ambapo anayekereza anaifikia bila kuinama juu ya mbao na bila kutembea. Swichi iliyo ukutani nyuma ya mashine haimsaidii aliyenaswa.

Mkanda na puli vimefunikwa? Navyo hunasa vidole na nguo kama mbao inavyonasa.

Umeme ukikatika mnafanyaje? Jibu sahihi ni kuzima swichi papo hapo. Isipozimwa, umeme utakaporudi mashine itawaka yenyewe, pengine kijana akiwa ameishika kwa mikono miwili akitazama kazi yake.

Nani atakuwa karibu naye? Anayejifunza asikereze peke yake, hata siku fundi akitoka kwenda kwa mteja.

Ataanza na nini? Jibu la kuridhisha ni kunoa patasi, kufagia, kutazama kwa umbali salama, kisha vipande vidogo vya mbao laini kwa kasi ndogo, fundi akiwa ubavuni. Anayesema "leo hii nitampa kazi ya mteja" bado hajawa tayari kufundisha.

Fundi akishindwa maswali hayo, mzazi anaweza kumwomba amfundishe kijana kazi nyingine za useremala na aiache mashine hiyo kando. Njia nyingine ni vyuo vya VETA vinavyofundisha useremala. VETA pia ina mpango wa kurasimisha ujuzi, ambao humpima mtu aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti akifaulu.

Kazi yenyewe inastahili. Mpingo wa kusini mwa Tanzania husafirishwa na kukerezwa Ulaya kuwa klarineti, ala ya muziki yenye bei kubwa, na hapa nyumbani fundi anayejua kukereza miguu inayolingana hakosi wateja wa vitanda, stuli na ngazi. Ufundi wake uko kwenye vidole na macho, navyo ndivyo vya kulindwa tangu siku ya kwanza. Kijana atakayejifunza taratibu akiwa na miaka 18 bado atakuwa na miaka 40 ya kazi mbele yake.