Dume, Jike na Unyoya: Istilahi za Kiunganishi DIN 41612

Mitambo mingi ya simu na ya viwandani hujengwa kwa kadi za saketi zinazochomekwa ndani ya raki yenye upana wa inchi 19, yaani milimita 482,6. Kadi ndogo ya kawaida ina kimo cha milimita 100 na kina cha milimita 160. Katika mitambo ya awali, ukingo wa kadi yenyewe, uliopakwa dhahabu, ndio ulioingizwa tunduni. Unene wa kadi ukizidi au ukipungua, mgusano uliharibika. Dawa yake ikawa kiunganishi cha vipande viwili: kimoja hulehemiwa kwenye kadi, kingine hukaa kwenye ubao wa nyuma wa raki.

Kiunganishi hicho kiliwekewa kanuni Ujerumani kwa jina la DIN 41612, kisha kikaingia katika kanuni ya kimataifa IEC 60603-2. Aina C, iliyo mashuhuri zaidi, ina safu tatu, a, b na c, kila moja ikiwa na pini 32: jumla 96, zikiachana kwa milimita 2,54.

Kifaransa husema *mâle* na *femelle*, na Kiswahili chaweza kusema dume na jike bila taabu. Wajerumani husema *Messerleiste*, ukanda wa visu, na *Federleiste*. Hapa pana mtego: *Feder* ni unyoya, lakini ni springi vilevile, nayo springi ndiyo inayokusudiwa, kwa kuwa ndani ya kila tundu mna ulimi unaoibana pini. Mfasiri asiyewahi kukishika kifaa ataandika manyoya, na kamusi itamuunga mkono.

Je, kuviita "cha kadi" na "cha ubao" hakutoshi? La. Katika aina C dume hukaa kwenye kadi. Katika aina R mambo hugeuzwa.

Isitoshe, kanuni hii hutaja umbo tu. Mfumo wa VMEbus, uliotangazwa mwaka 1981 na Motorola, Mostek na Signetics, huweka viunganishi viwili kwenye kadi kubwa. Safu b ya kile cha pili hupanua anwani na data hadi biti 32; safu a na c zimeachiwa mtengenezaji. Hivyo kadi mbili zaweza kuingia barabara katika tundu moja, na moja ikaungua, pini ileile ikibeba ishara kwa hii na umeme wa volti 12 kwa ile. Kitabu cha maelekezo kinachosema "kiunganishi kilekile" kimemdanganya fundi, ingawa hakuna neno la uongo ndani yake. Kinahitaji istilahi mbili: aina ya kiunganishi, na mpangilio wa pini.