Wingi wa Virusi: Sayansi Nne Nyuma ya Tarakimu Moja ya Njombe

Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Iringa mwaka 2012 na wenye wakazi 889,946 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, umeendelea kuongoza nchini kwa kiwango cha ushamiri wa VVU, yaani sehemu ya watu wazima wanaoishi na virusi hivyo kwa wakati fulani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016-2017 ulionesha asilimia 11.4, na ule wa mwaka 2022-2023 ukaonesha asilimia 12.7, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Tangu matokeo hayo yatangazwe, wapo wanaohitimisha kwamba hali inazidi kuharibika na kwamba juhudi za miaka yote hazijazaa kitu. Hitimisho hilo ni la haraka na linawaumiza watu wasiostahili. Ili kuliona kosa lake inabidi kupita katika hisabati, fizikia, tiba na usimamizi wa taarifa, kwa kuwa taaluma hizo nne hukutana katika kila kipimo kinachochukuliwa kwenye vituo vya tiba na matunzo, maarufu kwa jina la CTC, kuanzia Makambako hadi Ludewa na Makete.

Hisabati inatangulia. Hakuna utafiti unaopima wakazi wote wa mkoa. Huchaguliwa kaya chache kwa utaratibu wa bahati nasibu, na matokeo yake hukadiria hali ya wote. Lau wangechaguliwa watu 1,000 kwa njia hiyo na asilimia 12.7 kati yao wakakutwa na VVU, kanuni za takwimu zingesema kwamba kiwango halisi kinaweza kuwa popote kati ya takriban asilimia 10.6 na 14.8, na kwa sababu watu wa kaya na mtaa mmoja hufanana kwa mengi, upana huo ungeongezeka zaidi. Kwa sampuli ya ukubwa huo, asilimia 11.4 na asilimia 12.7 zisingetosha kuthibitisha kwamba kuna kilichopanda.

Zaidi ya hapo, ushamiri ni hesabu yenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea: huingia maambukizi mapya, hutoka vifo. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, yaani ARV, zimeuziba mlango wa pili kwa kiasi kikubwa, hivyo mtu ambaye miaka ya tisini angezikwa ndani ya miaka michache baada ya kuanza kuugua leo anapalilia viazi vyake, anasomesha watoto na anabaki katika hesabu kwa miongo kadhaa. Kiwango kinaweza kupanda kwa sababu watu hawafi, wakati maambukizi mapya yanashuka. Kitaifa ndivyo ilivyokuwa kwa maambukizi mapya, yaliyokadiriwa kuwa 72,000 kwa mwaka katika utafiti wa kwanza na 60,000 katika ule wa pili. Hili halimaanishi kwamba Njombe imemaliza kazi, kwani mkoa ambao zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila kumi anaishi na VVU bado una mzigo mkubwa. Ila linamaanisha kwamba kipimo cha mafanikio kitafutwe kwingine, katika tarakimu inayoitwa wingi wa virusi.

Wingi wa virusi ni idadi ya nakala za VVU zilizomo katika mililita moja ya utegili, ule umajimaji wa rangi ya manjano hafifu unaobaki baada ya chembe za damu kutengwa. Mtu anayetumia dawa hupimwa kwa kawaida miezi sita baada ya kuanza, kisha mwezi wa 12, na baadaye kila mwaka. Damu yake huingizwa kwenye kijichupa chenye kifuniko cha zambarau, ambacho ndani yake mna kemikali inayozuia damu isigande, kisha kijichupa huzungushwa kwa kasi katika mashine ili chembe, ambazo ni nzito zaidi, zishuke chini na utegili ubaki juu. Hii ni fizikia ya mwendo wa mzunguko.

Fizikia ya pili, ya joto na mwanga, ndiyo inayohesabu. Virusi ni vidogo mno na katika sampuli vinaweza kuwa vichache mno, hivyo mashine kwanza huizidisha chembeurithi yao. Njia hiyo, iitwayo PCR, ilibuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983 na kumpatia Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1993. Kwa kuwa VVU hubeba RNA, kwanza nakala yake hutengenezwa katika umbo la DNA. Kisha sampuli hupashwa joto hadi nyuzijoto takriban 95 ili nyuzi mbili za DNA ziachane, hupozwa, na kimeng'enya kilichotokana na bakteria wa chemchemi za maji moto hujenga uzi mpya kando ya kila uzi wa zamani. Kila mzunguko huzidisha idadi mara mbili. Baada ya mizunguko 10 nakala moja huwa 1,024. Baada ya mizunguko 30 hupita bilioni moja. Rangi maalumu iliyotiwa humo hupokea mwanga wa aina moja na kutoa wa aina nyingine, na kitambuzi cha mashine huandika ni katika mzunguko wa ngapi mwanga huo ulianza kuonekana. Sampuli yenye virusi mara 1,000 zaidi ya nyingine huwaka mapema kwa mizunguko 10 hivi, na kutokana na tofauti hiyo kompyuta hurudi nyuma hadi kwenye idadi ya mwanzo.

Swali ambalo wagonjwa wengi huuliza, na wana haki ya kujibiwa kwa ukamilifu, ni kwa nini dawa lazima ziwe tatu na kwa nini zimezwe kila siku hata pale mwili unapokuwa mzima kabisa. Jibu lake lilitokana na ushirikiano wa daktari na mwanahisabati. Mwaka 1996 Alan Perelson wa maabara ya Los Alamos, akiwa na daktari David Ho na wenzao, walichapisha uchambuzi wa wagonjwa watano waliopewa dawa kali ya kuzuia virusi. Walipima kasi ya kupungua kwa virusi katika damu, wakaandika milinganyo ya kinachozaliwa na kinachokufa, wakagundua kwamba kipindi kirefu ambacho mgonjwa huonekana hana dalili si kipindi cha utulivu hata kidogo. Mwili wake huzalisha na kuangamiza virusi takriban bilioni 10 kila siku, na nusu ya virusi vilivyomo katika utegili hutoweka ndani ya saa sita hivi.

Sasa hesabu ifuatwe hatua kwa hatua. VVU hunakili chembeurithi yake, yenye herufi zinazokaribia 10,000, kwa uzembe mkubwa, na uwezekano wa kosa fulani mahususi kutokea katika unakili mmoja unaweza kuchukuliwa, kwa makadirio, kuwa 1 kati ya 100,000. Kati ya virusi bilioni 10 vya siku moja, takriban 100,000 vitakuwa na kosa hilo, na ikiwa ndilo linaloleta usugu dhidi ya dawa ya kwanza, basi dawa moja pekee imeshindwa kabla haijamezwa. Kwa dawa mbili, makosa mawili kwa pamoja yana uwezekano wa 1 kati ya bilioni 10, yaani kirusi kimoja kwa siku. Kwa dawa tatu, ingechukua siku 100,000, ambazo ni zaidi ya miaka 270, kukitarajia kirusi kimoja chenye makosa yote matatu. Makadirio haya yamerahisishwa, lakini kiini chake ni sahihi. Siku dozi inaporukwa, dawa hupungua katika damu, virusi huanza tena kunakiliwa, na usugu hupata nafasi ya kujengeka hatua moja baada ya nyingine. Ufuasi wa dawa unaosisitizwa na wahudumu umesimama juu ya hesabu hiyo.

Kwa upande wa tiba, nakala zikizidi 1,000 mgonjwa hupewa ushauri wa ufuasi wa dawa kwa miezi kadhaa na kupimwa tena kabla ya kubadilishiwa dawa. Virusi visipoonekana kabisa katika kipimo, mtu huyo hawezi kumwambukiza mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana, jambo lililothibitishwa na tafiti kubwa za wenzi ambao mmoja ana VVU na mwingine hana.

Hata hivyo, tarakimu sahihi iliyoandikwa kwenye faili la mtu mwingine ni hatari kuliko kukosa tarakimu, na hapo ndipo usimamizi wa taarifa unapobeba jukumu. Jina la ukoo kama Sanga au Mgaya ni la watu wengi mno mkoani. Makambako, palipo stesheni ya TAZARA na njia panda ya barabara kuu iendayo Zambia na ile ya Njombe na Songea, hupitiwa na madereva, wapasua mbao na vibarua wanaoweza kuanza dawa kituo kimoja na kuendelea kingine. Mtu wa namna hiyo anaweza kuhesabiwa kuwa ametoweka kwenye matibabu huku, na kuhesabiwa kuwa mgonjwa mpya kule. Namba ya pekee kwenye kadi ya CTC hupunguza tatizo; panapokosekana namba, hutumika njia ya uwezekano iliyowekewa misingi mwaka 1969 na watakwimu wa Kanada, Ivan Fellegi na Alan Sunter, ambayo hupima uzito wa kila ulinganifu wa jina, umri na kijiji. Taarifa hizo ni siri ya mgonjwa, na zinalindwa na sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 pamoja na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022.

Utafiti wa 2022-2023 ulionesha kwamba, nchini kote, asilimia 82.7 ya watu wazima wenye VVU walijua hali zao, asilimia 97.9 ya hao walikuwa kwenye dawa, na asilimia 94.3 ya walio kwenye dawa walikuwa wamefubaza virusi. Ukizidisha sehemu hizo tatu unapata takriban asilimia 76, na upungufu mkubwa zaidi uko katika hatua ya kwanza, ya kujua. Upimaji hutolewa katika vituo vya afya vya umma, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 mtu anaruhusiwa pia kujipima mwenyewe. Kila mkazi wa Njombe ambaye hajui hali yake na akapime, na kila aliye kwenye dawa aulize, katika siku yake ijayo ya kliniki, kipimo chake cha mwisho cha wingi wa virusi kilisoma ngapi.