Usukani Ukifunga Lodwar: Pima Umeme Kabla ya Kununua Kufuli

Magari mengi ya mtumba yanayotumika Turkana yalishukia bandarini kwetu Mombasa. Barabara ya Kitale, Lodwar, Kakuma hadi Lokichoggio pia ni mojawapo ya njia za malori yetu yanayokwenda Sudan Kusini. Kwa hivyo hitilafu hii yatuhusu sisi watu wa Pwani, tuwe tumeuza gari au tumelipeleka huko wenyewe.

Mambo huwa hivi: gari la kuwashwa kwa kitufe linaegeshwa jioni likiwa zima. Asubuhi taa za deshibodi zinawaka, lakini usukani umefunga na injini haiitiki. Gari la namna hiyo halivutwi kwa kamba, maana magurudumu ya mbele hayafuati njia. Lazima lipakiwe juu ya lori. Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120, na Lodwar hadi Kitale ni karibu 300. Hesabu gharama mwenyewe.

Kwenye gari la ufunguo wa kawaida, kufuli la usukani ni chuma kinachosukumwa na ufunguo wenyewe. Likikwama, tikisa usukani kushoto na kulia huku ukigeuza ufunguo taratibu. Kwenye magari mengi ya kitufe, kazi hiyo hufanywa na mota ndogo iliyo chini ya usukani. Mota huchomoa pini, kisha swichi ndani yake huiarifu kompyuta kwamba pini imetoka. Kompyuta isipopata habari hiyo, hairuhusu stata. Ndiyo maana stata nzima inaweza kulaumiwa bure.

Anza kwa kusikiliza. Bonyeza kitufe huku mwenzako akitikisa usukani. Mota ikilia lakini pini haitoki, huenda pini imebanwa na magurudumu yaliyoegemea jiwe au ukingo wa barabara. Kukiwa kimya kabisa, tafuta umeme.

Kwanza, rimoti. Betri yake ikiisha gari halimtambui mwenyewe. Kwenye magari mengi, ukiigusisha rimoti na kitufe gari huitambua.

Pili, betri ya gari. Ikiwa imejaa na gari limepumzika, mita husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12 au chini, imeishiwa, hata kama taa bado zinawaka. Lodwar joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 35, na joto hukausha maji ya betri na kula bamba zake. Jaribu kuazima umeme wa gari jingine kabla ya kufungua chochote.

Tatu, vichwa vya betri na waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Mtikisiko wa barabara huvilegeza. Safisha, kaza, jaribu tena.

Nne, fyuzi na relei ya kufuli. Kitabu cha gari huonyesha mahali pa fyuzi. Usiitazame kwa macho tu, ipime. Fyuzi ikiungua tena baada ya kubadilishwa, usiweke kubwa zaidi, kwani kuna waya unaogusana mahali.

Mwisho kabisa, plagi ya kufuli lenyewe. Fundi akipima humo akakuta umeme unafika, waya wa hasi ni mzima na amri ya kompyuta inafika wakati kitufe kinapobonyezwa, lakini mota haizunguki, hapo ndipo kufuli lina kosa. Kabla ya kugusa sehemu hiyo, betri ifunguliwe na mngoje dakika kadhaa, kwa sababu mfuko wa hewa wa usalama u jirani na unaweza kulipuka.

Kununua kufuli la gari jingine mara nyingi hakusaidii peke yake. Magari mengi hulioanisha kufuli na kompyuta, hivyo lazima lisajiliwe kwa mashine. Wala usikubali kufuli ligongwe kwa nyundo: pini iliyopinda inaweza kujirudisha gari likiwa mwendoni, na hapo hakuna kona itakayokatwa.

Basi fundi akikwambia kufuli limekufa, muulize swali moja: kwenye plagi yake umesoma volti ngapi? Akikosa jibu, bado hajapima. Shika pesa zako.