Figo Safi, Mkojo Unarudi

Mtoto wa miezi 8 anapata homa kali bila kikohozi wala mafua. Mkojo unapimwa, unakutwa na bakteria. Anatibiwa, kisha anapigwa ultrasaundi, na majibu yanasema figo ni za kawaida. Homa ya namna hiyohiyo inaporudi, mama anauliza, na ana haki ya kuuliza: si tuliambiwa figo ni nzima?

Ni nzima kweli. Ila kipimo kile hakikutazama mkojo unakwenda wapi mtoto anapokojoa.

Mrija utokao figoni hupenya ukuta wa kibofu kwa mshazari. Kibofu kikijaa, ukuta huubana, mkojo ukakosa njia ya kurudi. Kwa baadhi ya watoto kipande kinachopita ukutani ni kifupi mno. Hakibanwi sawasawa, na mkojo hupanda kuelekea figoni pamoja na bakteria waliomo. Madaktari huupanga mrejeo huo katika madaraja 5. Katika mawili ya mwanzo hakuna kinachotanuka, na ultrasaundi ya kawaida huonesha maumbo tu: ukubwa wa figo, mrija uliopanuka, ukuta wa kibofu ulionenepa. Hata mrejeo mkubwa huweza kuikwepa.

Kwa miaka mingi jibu lilitafutwa kwa eksirei, mtoto akikojoa huku akipigwa mionzi. Sasa ipo njia ninayoipenda zaidi. Viputo vidogo sana vya gesi ya salfa heksafloridi, vikiwa ndani ya maji ya chumvi, huingizwa kibofuni kwa mpira mwembamba. Viputo hivyo hung'aa kwenye ultrasaundi. Vikionekana figoni, vimepanda kutoka kibofuni. Marekani iliidhinisha matumizi haya kwa watoto mwaka 2016. Kwa kuwa hakuna mionzi, daktari anaweza kutazama muda wote wa kukojoa, kibofu kikajazwa tena, akatazama upya. Mpira bado unahitajika, na watoto wengi huulilia. Mzazi akae karibu.

Si kila mtoto anahitaji kipimo hiki. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa 2011, kwa walio kati ya miezi 2 na 24, ulianza na ultrasaundi ya kawaida baada ya maambukizi ya kwanza yenye homa. Kutafuta mrejeo kulingoja ultrasaundi ioneshe kasoro au maambukizi yarudi, na mrejeo mdogo mara nyingi huisha mtoto anapokua. Ndiyo maana homa ya pili ina uzito: mkojo uchukuliwe kabla ya antibiotiki ya kwanza, kwani baada ya hapo bakteria huenda wasioteshwe tena maabara, na daktari akakosa uthibitisho wa kuagiza kipimo.