Kivu: Mambo ya kuangalia kabla ya kuchagua ghala la intaneti la kuhifadhi faili za kompyuta

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano Nyiragongo kulipuka, serikali ya jimbo la Kivu Kaskazini iliwaamuru wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji wa Goma kuhama mara moja. Wengi walishika barabara ya Sake, wengine walipanda mashua kuelekea Bukavu, na wengine walivuka mpaka kuingia Rwanda. Walibeba watoto, magodoro na vyombo vya kupikia. Kompyuta za mezani zilibaki nyumbani, pamoja na yote yaliyokuwa ndani: picha za arusi na za matanga, nakala za diploma, hati za kiwanja, vitabu vya hesabu za duka, na kazi za mwisho wa masomo ambazo wanafunzi walikuwa wameziandika kwa miezi mingi.

Katika mashariki ya Congo, hatari haitoki kwa volkano peke yake. Huko Bukavu, moto huteketeza mara nyingi nyumba za mbao katika mitaa yenye msongamano kama Kadutu. Kuna vita, kuna wezi, na kuna umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu hadi kuunguza mashine. Kwa sababu hiyo, watu zaidi wanauliza kuhusu maghala ya intaneti, yaani huduma zinazochukua nakala ya faili za nyumbani na kuzitunza kwenye seva zilizo mbali. Huduma ni nyingi, na matangazo yake yanafanana. Lakini huduma inayomfaa mtu wa Paris au Chicago inaweza kumshinda mkaaji wa Goma, Bukavu, Beni au Uvira.

Nakala tatu, moja mbali

Watu wa fani hii wanafuata kanuni moja iliyotangazwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: faili ya maana iwe na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja kati yake ikae mahali pengine. Watu wengi tayari wana nakala ya pili kwenye flashi au diski ya nje. Shida ni kwamba flashi hiyo hukaa ndani ya droo ya meza ileile yenye kompyuta. Moto ukiingia, vyote vinaungua pamoja. Ghala la intaneti linaleta ile nakala ya mbali, lakini haliondoi kazi ya diski ya nyumbani. Mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa mapigano mjini Goma, umeme na intaneti vilikatika. Katika siku za namna hiyo, aliye na faili kwenye intaneti tu hawezi kuzifikia.

Kulinganisha si kuhifadhi

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kuna huduma za aina mbili. Google Drive, OneDrive na Dropbox hufanya hasa kazi ya kulinganisha: kinachobadilika kwenye kompyuta kinabadilika pia kwenye seva. Ni raha kwa anayetumia simu na kompyuta pamoja. Lakini mtoto akifuta folda ya picha, inafutika pande zote mbili. Inabaki kwenye pipa la takataka kwa muda, siku 30 kwa Google Drive, kisha inapotea kabisa. Virusi vinavyofunga faili ili kudai pesa vinaweza pia kupeleka faili zilizoharibika hadi kwenye seva.

Aina ya pili ni huduma za nakala ya akiba, kama Backblaze na IDrive. Programu inafanya kazi yenyewe nyuma, inatuma kila kilicho kipya, na inatunza hata matoleo ya zamani ya faili. Mara nyingi ni za kulipia: Backblaze ilipandisha bei yake Oktoba 2023 hadi dola 99 za Marekani kwa mwaka kwa kompyuta moja. Kabla ya kulipa, mteja aangalie idadi ya siku ambazo huduma inatunza faili iliyofutwa au iliyobadilishwa. Siku 30 zinaweza kuwa chache kwa mtu aliyekimbia na kurudi nyumbani baada ya miezi mitatu.

Hesabu ya forfe

Jambo la pili ni mwendo wa intaneti na bei yake. Huduma nyingi zinatoa nafasi ya bure: Google gigabaiti 15, zikihesabiwa pamoja na barua za Gmail na picha, OneDrive 5, Dropbox 2, MEGA 20. Lakini nafasi ya bure haimaanishi kazi ya bure, kwa sababu kila megabaiti inayopanda inakula forfe.

Hesabu ni rahisi. Kwa laini inayopandisha megabiti 1 kwa sekunde, gigabaiti 10 zinachukua karibu saa 22 bila kukatika. Gigabaiti 100 zinachukua zaidi ya siku tisa. Kwa umeme unaokuja saa chache kwa siku, kazi hiyo inaweza kuchukua mwezi. Kwa hiyo programu nzuri kwa Kivu ni ile inayoendelea pale ilipoishia umeme unaporudi, inayotuma sehemu iliyobadilika tu, na inayoruhusu kuchagua saa za kazi, kwa mfano usiku kwa mwenye forfe ya usiku.

Kwa sababu hiyo pia, si lazima kompyuta nzima ipande. Filamu na muziki vinaweza kupatikana tena. Cheti cha kuzaliwa, diploma, hati ya kiwanja, hesabu za biashara, kazi ya shule na picha za familia haviwezi. Picha 500 za simu, kila moja megabaiti 3, ni gigabaiti 1.5 tu. Familia nyingi zikitenga kwanza vitu hivyo, zitatoshwa na nafasi ya bure.

Ufunguo, malipo na uhai wa huduma

Jambo la tatu ni siri. Huduma kama MEGA hufunga faili kwa ufunguo ambao mteja peke yake anao. Ni ulinzi mkubwa kwa mwandishi wa habari au mtetezi wa haki za binadamu. Lakini akipoteza neno la siri pamoja na ufunguo wa kuokoa akaunti, hakuna wa kumfungulia. Ufunguo huo uandikwe kwenye karatasi na kuwekwa kwa ndugu wa kuaminiwa katika mji mwingine. Na akaunti ikitegemea ujumbe unaotumwa kwenye namba ya simu, simu ikiibiwa njiani mlango unafungika. Ni vizuri kuandikisha njia ya pili.

Malipo nayo yanasumbua. Huduma nyingi za nje zinadai kadi ya benki, huku wakaaji wengi wakitumia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Asiye na uhakika wa kulipa kila mwezi achague nafasi ya bure au malipo ya mwaka, kwa kuwa huduma isipolipwa, faili hufutwa baada ya muda fulani.

Hata kampuni kubwa hubadilika. CrashPlan ilifunga huduma yake ya majumbani Oktoba 2018. Machi 2021, moto uliteketeza jengo la seva la OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, na wateja wasiokuwa na nakala mahali pengine walipoteza data zao. Google nayo, tangu Desemba 2023, inaweza kufuta akaunti isiyofunguliwa kwa miaka miwili.

Jaribio la mwisho

Kabla ya kuamini huduma yoyote, kuna jaribio lisilochukua hata dakika kumi: kuchukua simu ya mtu mwingine, kuingia kwenye akaunti, kushusha hati moja na kuifungua. Ikifunguka, nakala ipo kweli. Ikikataa, ni afadhali kujua leo, wakati kompyuta ingali mezani. Jaribio hilo lirudiwe kila miezi mitatu, na siku hiyohiyo diski ya nje ichomekwe, ijazwe upya, kisha iwekwe mbali na kompyuta, ndani ya mfuko wa safari pamoja na vitambulisho vya familia.